Weusi Usio na Mwangwi

Chumba namba sita hakina dirisha.
Nje, Arua inaungua kwa jua la Februari;
ndani ni giza la makusudi,
feni, kitanda, chupa ya jeli
niliyoiweka juu ya mashine ipate joto,
tumbo lenye hofu lisishtuliwe mara mbili.

Asubuhi alikuja binti wa Onduparaka,
akaona duara jeusi kwenye kioo, akaanza kulia.
"Jeusi hivyo, sista?"
Mwanangu, humu ndani mambo yamepinduka.
Weusi ni maji. Maji hayana la kusema:
sauti inapita, hairudi na neno.
Ukuta wake mwembamba kama ganda la kitunguu,
na nyuma yake kumeng'aa.
Nenda. Rudi baada ya miezi mitatu.
Akatoka akicheka, kiatu kimoja hakijafungwa.

Ninayemwogopa ni wa mchana.

Candiru, miaka hamsini na minne,
muuza unga wa muhogo, Vurra.
Hedhi ilimuaga zamani, kisha tumbo likaanza kumea.
Mawifi wakamcheka: mimba ya uzeeni!
Naye akacheka nao, maana ungefanyaje.
Amelegeza kitenge, amelala
kama mtu anayepimwa nguo ya sikukuu.

Nashusha kichwa cha mashine chini ya kitovu, kushoto.
Kifuko, sentimita tisa. Cheusi. Naam.
Halafu kizigeu, kinene, si unyuzi.
Halafu, ukutani, kitu
kidogo kama punje ya mtama,
kimeshika.

Kiswahili kimenipa neno moja, uvimbe,
nalo humvika kanzu ileile mwenye hatia na asiye nayo.
Alipokuuma nyuki ni uvimbe.
Nimeona uvimbe wenye nywele na jino,
wa kutisha kuliko yote, haukumdhuru mtu.
Nimeona mwingine umetulia, mstaarabu,
nikauamini.
Jina la mwenyewe bado liko katika daftari la mwaka juzi;
nikifungua kurasa hulipita haraka.

Basi nauliza, sihukumu.
"Mama, geukia ubavu wa kulia."
Donge la damu likigeuzwa huhama,
huporomoka kama mashapo ya kwete chungu kikiinamishwa.
Nyama haihami. Nyama ina kwao.
Anageuka. Kitanda kinalia.
Na umeme unakatika.

Giza juu ya giza. Jenereta yetu ina desturi zake:
hukohoa, hufikiri, dakika nne, dakika saba.
Mkono wangu bado uko tumboni mwake
na sasa hauna jicho.
"Umeona nini?"
"Sijamaliza kuona."
"Wewe si Mnubi? Wa wapi?"
"Tanganyika, nyuma ya msikiti."
"Ninyi! Kila Ramadhani mnanipigia bei ya unga
mpaka nusu nilie."
Tunacheka, wawili, ndani ya shimo lile,
na tumbo lake linacheka chini ya kiganja changu
pamoja na chote kilichomo.

Taa. Mashine inaamka haijui kitu,
inaniuliza jina la mgonjwa.
Naliandika upya, herufi kwa herufi.
Narudi ubavuni.
Punje iko palepale.
Nafungua rangi,
na ndani ya punje chembe nyekundu
inazima, inawaka,
kwa mapigo yaleyale ya moyo wake.
Inakula naye sahani moja.

Sitalitaja neno. Si langu kulitaja;
ni la kisu na darubini, huko Kampala.
Naandika: kizigeu kinene. Kichomozo kimoja, kina damu.
Maji kidogo nyuma ya mji wa mimba.
Apelekwe upesi.
"Upesi" nalipigia mstari,
ndipo nakumbuka binti yake, pale mlangoni, anajua kusoma.
Mstari umeshapigwa.

Anafuta jeli kwa pindo la kitenge
ingawa nimempa karatasi.
"Kwa hiyo si mtoto."
"Si mtoto, mama."
Anavaa ndara, anatafuta ya kushoto kwa mguu.
"Mawifi watasikitika," anasema.